Sheria ya Kabla na Baada katika Nchi ya Ghafula

Yanayosimuliwa kuhusu nchi ya Ghafula ni mengi, na mengine yametiwa chumvi. Haya ni yale tu aliyoyaona Pelagia Haule, mwalimu wa uchoraji kutoka Songea, katika siku kumi na moja alizokaa huko. Namna alivyofika na alivyorudi yeye mwenyewe hakuipa uzito, nasi tutaiacha.

Aliitwa kwa barua. Mwaka ule, akiwa na miaka arobaini na mmoja, Pelagia alikuwa ameanza kujifunza uhuishaji, yaani kuchora picha nyingi zinazofuatana mpaka mchoro uonekane unakwenda. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mwanamke anayechukua ndoo ya maji kutoka kisimani hadi mlangoni. Aliyemfundisha, kijana mpole ambaye yeye alimzidi umri kwa miaka mingi, aliitazama mara mbili, akasema, "Mwalimu, huyu mama anafika, lakini hatembei." Pelagia aliumia. Kisha kazi hiyohiyo ikaangukia mikononi mwa Idara ya Mwendo ya nchi ya Ghafula, na barua ikaja: hawajapata kuona mwendo safi kiasi hicho, wangependa aje awachoree picha za kuwafundishia watoto wao kutembea. Aliyetoka kuaibishwa hawezi kukataa sifa. Akaenda.

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Simika, Mkaguzi wa Mwendo, mwanamume mrefu aliyenyooka kama mwimo wa mlango. Pelagia alimwona amesimama mbali kidogo, mikono ubavuni. Kufumba na kufumbua, Simika alikuwa mbele yake, na mkono aliokusudia kumsalimia nao ulikuwa umempiga tumboni.

"Samahani, Mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuomba radhi. "Mkono wangu umefika kabla hujauona."

"Hukuweza kuuleta taratibu?"

"Sheria hairuhusu," akasema Simika, akamchukulia begi lake. Begi lilipaa kutoka chini hadi begani bila kupita popote, na Pelagia akasikia mfupa wa bega ukilia.

Sheria yenyewe aliisoma siku hiyohiyo, maana imebandikwa kila ukuta. Zamani Baraza la Ghafula lilituma makarani wakapime siku ya raia inavyotumika. Makarani wakarudi na habari ya kutisha: robo ya siku hupotea katika mambo ambayo si kazi. Anayetaka kuruka huinama kwanza. Anayetaka kurusha jiwe hurudisha mkono nyuma kwanza. Aliyekuwa akikimbia akasimama, nguo zake na nywele zake huendelea na safari. Baraza likajadili siku tisa, likaona kuwa kuinama si kuruka, na kurudisha mkono nyuma ni kinyume kabisa cha kurusha. Likapiga marufuku kila kitu kinachotangulia jambo na kila kitu kinachobaki baada ya jambo. Raia aanze mara moja, aende kwa kasi moja na kwa mstari ulionyooka, asimame palepale. Hiyo ndiyo Sheria ya Kabla na Baada.

Tangu hapo watu wa Ghafula walinyoa vichwa ili nywele zisije zikawashtaki. Kanga na mashati walivitia wanga wa muhogo mpaka vikawa vikavu kama mbao. Miimo ya milango waliivisha magodoro, kwa kuwa mtu asiyeruhusiwa kupunguza mwendo husimamishwa na alichokigonga. Kuku walisamehewa, baada ya miaka miwili ya kujaribu. Na jengo kubwa kuliko yote mjini, kubwa kuliko hata Baraza, lilikuwa Hospitali ya Magoti. Pelagia alipitishwa humo kama mgeni wa heshima. Mgonjwa mmoja, fundi seremala mwenye viwiko viwili vilivyofungwa bendeji, alimwambia bila mzaha wowote, "Muda tuliouokoa ndio unaotuwezesha kulala hapa."

Lakini Pelagia hakucheka kama ambavyo wewe ungecheka. Kila alipogeuka aliona jambo alilolitambua. Mama aliyeweka sufuria mekoni, karani aliyefungua dirisha, wote walitoka hapa wakawa pale, kama mwanamke wake wa ndoo. Alihisi ametembelea kosa lake mwenyewe na kulikuta limejenga mji.

Nyumbani kwa Simika alikaribishwa na mkewe, Bi Tuza, mwanamke mcheshi ambaye ucheshi wake ulikuwa machoni tu, kwa sababu machoni wakaguzi hawafiki. Kwenye mkeka palikuwa na binti yao, Kito, mtoto wa miaka mitatu kasoro siku kumi na moja. Alikuwa na kinundu kwenye paji la uso, na juu ya magoti yake palikuwa na vibanzi vya mianzi vilivyofungwa kwa kitambaa.

"Bado hajatembea," alisema Bi Tuza wakati mumewe ametoka. "Watoto wa hapa hufungwa vibanzi ili wasizoee kupinda. Wengi huanguka, huanguka, mwisho wanapata. Huyu wangu alianguka mara moja vibaya, tangu siku hiyo hataki hata kusimama."

"Na asipotembea?"

"Akifikisha miaka mitatu hajatembea, anapelekwa Nyumba ya Waketio. Iko ng'ambo ya mto. Wazazi huruhusiwa kwenda kuwatazama mara moja kwa mwaka." Akainamisha macho. "Mgeni, anayetia sahihi karatasi ya kuwapeleka ni Mkaguzi wa Mwendo."

Pelagia alimtazama mtoto. Kito alikuwa ameketi amenyooka kama wakubwa wake, ila kidole gumba cha mguu kilikuwa kinacheza chenyewe.

Kazi aliyoitiwa aliimaliza kwa siku tatu. Haikuwa ngumu. Kwa kila hatua mbili alichora picha nne: mguu chini, mguu mbele, mguu chini, mguu mwingine mbele, na goti halikupinda popote. Akazipanga karatasi na kuzipeperusha kwa kidole gumba mbele ya maofisa wa Idara. Walifurahi sana. Mmoja alisema hajawahi kuona mtoto asiyepoteza muda kiasi kile. Simika alimshukuru kwa dhati, akabeba karatasi zile nyumbani, akakaa mbele ya binti yake, akampeperushia mara kumi.

Kito alitazama kama anavyotazama ukuta. Mara ya kumi akageukia pembeni.

Simika aliweka karatasi chini. Akaenda akasimama uani, ameupa ukuta uso. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuinamisha mabega, alisimama vilevile kama anavyosimama siku zote, na hilo lilimwumiza Pelagia kuliko ambavyo machozi yangemwumiza.

Asubuhi iliyofuata, Simika alipokwenda kazini, Pelagia alitwaa kitita kingine cha karatasi. Alianza na mpira, kwa sababu kila mwanafunzi wa uhuishaji huanza na mpira, naye zoezi hilo alilifanya kivivu kwa kulidharau. Safari hii hakulidharau. Mpira ulipokuwa juu kabisa alichora picha nyingi zilizokaribiana, kwa kuwa huko juu mpira huchelewa, kama unaofikiri. Ulipokuwa unashuka aliziachanisha, na umbo la mpira akalirefusha kidogo. Ulipogusa ardhi akaubonyeza kama andazi lililokaliwa. Kisha akaurudisha juu, kwa njia iliyopinda kama upinde.

Akampeperushia Kito.

Mtoto aliangalia mara moja. Akashika mkono wa Pelagia ili arudie. Mpira ulipobonyea, Kito akacheka, na alipocheka mwili wake wote ulishuka na kupanda pamoja na mpira. Bi Tuza alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama.

"Fungua vibanzi," alisema Pelagia.

Bi Tuza alitazama mlango, akatazama dirisha, akavifungua.

Siku nzima Pelagia alichora. Alichora mtoto anayetembea, na ili amchore ilimbidi atembee yeye kwanza, kutoka ukutani hadi ukutani, akijisikiliza. Hapo ndipo alipoyaona mambo ambayo yule kijana alimwambia asubuhi nyingi naye akaitikia bila kuyasikia. Kabla ya mguu kuondoka, mwili huegemea upande mwingine. Unapokanyaga, goti hupokea uzito na kichwa hushuka. Mguu wa nyuma unapopita, kichwa hupanda. Mkono wa kulia hufuata mguu wa kushoto, na mwili ukishasimama, mkono bado una neno la kumalizia. Kutembea, aliona, ni kuanguka mbele na kujidaka, kisha kuanguka tena. Hakuna mtu awezaye kujidaka kwa goti lisilopinda.

Simika aliporudi aliwakuta watatu mkekani, vibanzi vimetupwa kando, Kito ameshika ukingo wa meza anayumba huku na huku. Kwa mujibu wa kazi yake alipaswa kupiga filimbi. Filimbi ilikuwa shingoni.

"Mama Kito, nini hiki?"

"Muulize mgeni."

Pelagia alimpa karatasi. Simika alizipeperusha, kwa ghafula mno kwanza, akaona ukungu tu. "Taratibu," alisema Pelagia. "Ziache zianguke zenyewe." Akajaribu tena. Mtoto wa karatasi aliinama, akaegemea, akavuka.

Simika alizihesabu. "Hii hatua moja ina picha ngapi?"

"Ishirini na nne kwa hatua mbili. Kumi na mbili kwa moja."

"Na ile tuliyoipitisha?"

"Mbili kwa hatua moja. Ya kuanzia na ya kufikia."

"Kwa hiyo kuna kumi ambazo sisi tumezifuta."

"Ndiyo, Bwana Simika. Na hata mimi nilizifuta, kwa uvivu. Sikujua kuna nchi iliyozifuta kwa sheria."

Aliketi kitini kwa kishindo, maana ndivyo walivyoketi, na kiti kikalia. Alikaa akiitazama filimbi yake. Mwishowe akasema, "Nimetia sahihi karatasi arobaini na tatu za Nyumba ya Waketio. Nilidhani wale watoto wana kasoro." Bi Tuza alimsogelea. Alimwekea mkono mgongoni, naye akauacha pale.

Baraza liliketi siku ya tisa, ili kuzipitisha rasmi picha za Pelagia. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Nguzo, mtu mzima mwenye heshima, aliyesimamishwa na watumishi wawili kila alipotaka kusimama. Pelagia alikuwa na vitita viwili mkobani. Akitoa cha kwanza atapewa nishani. Maofisa walishamwonyesha kijisanduku chake. Aliona aibu kugundua kwamba bado anaitaka. Aliitwa mbele, akatia mkono mkobani, akatoa cha pili.

Walipitishiana karatasi zile kwa muda mrefu. Kisha mjadala ukaanza, nao ulikwenda hivi.

Mjumbe wa kwanza aliuliza kama mpira unaobonyea umevunja sheria. Mwanasheria wa Baraza akajibu kwamba mpira si raia. Mjumbe wa pili akasema ikiwa mpira si raia, basi hauwezi kuwa mfano kwa raia. Mjumbe wa tatu, mwanamke aliyefungwa bendeji shingoni, akauliza kuhusu maji: yeye kila akiweka gilasi mezani, gilasi husimama kwa utii lakini maji huendelea kuyumba. Je, ashtakiwe yeye au maji? Ikapendekezwa maji yapewe muda wa msamaha. Ikapigwa kura. Msamaha wa maji ukapita kwa tofauti ya kura moja.

"Tumetoka nje ya hoja," alisema Mheshimiwa Nguzo, bila ukali. "Mwalimu, tulikuita kwa sababu ulichora vizuri. Kwa nini umeharibu?"

"Mheshimiwa, ile ya kwanza ndiyo mbaya," alisema Pelagia. "Niliambiwa hivyo kwetu, nikakasirika. Nilikuja hapa kwa sababu mlinisifu. Mtoto hawezi kuiiga ile, kwa kuwa haina mahali pa kuingilia. Anaona mwanzo, anaona mwisho, haoni njia."

"Wetu wanaiiga."

"Wanaoiweza wanaiiga, Mheshimiwa. Wasioiweza mmewavusha mto."

Ndipo Simika alipoingia kutoka mlango wa mashahidi, amembeba Kito. Hakuwa ameitwa. Alimweka mtoto sakafuni, amesimama, akarudi nyuma hatua nne. Kito alitazama nyuso zile ngeni, mdomo ukaanza kutetemeka. Kila mtu aliona kwamba atakaa chini.

Simika aliinama. Alifanya vibaya, kama mlango wenye bawaba zenye kutu. Magoti yalipiga kelele na nusura aanguke. Lakini aliinama, taratibu, mbele ya Baraza zima, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mwanawe. Akarudisha mikono nyuma, kisha akaifungua mbele.

"Njoo, mama," alisema.

Kito aliegemea upande mmoja. Akashuka kidogo, akainua mguu, nao mguu ukapita kwa mzingo wake. Akajidaka. Akaegemea upande wa pili. Hatua ya tatu akakalia matako, akabonyea kama ule mpira, akajitazama kwa mshangao. Mjumbe mwenye bendeji alishika mdomo. Mtoto akaweka viganja sakafuni, akanyanyuka, akamalizia hatua mbili zilizobaki, akajitupa kifuani kwa baba yake, na wote wawili wakaendelea kuyumba muda mrefu baada ya kufika.

Karani aliuliza kama aandike hilo. Hakuna aliyemjibu, akaandika.

Uamuzi ulitoka alasiri. Baraza liliona kwamba Sheria ya Kabla na Baada haijakosea, ila ina haraka. Watoto wasiozidi miaka saba waruhusiwe kupinda magoti kwa sababu za kiafya, kwa kibali kitakachotolewa ndani ya siku thelathini. Watoto wa Nyumba ya Waketio wafunguliwe vibanzi, wajaribiwe upya. Ama Mkaguzi wa Mwendo, kwa kuwa ana miaka thelathini na minane na aliinama bila kibali, avuliwe filimbi. Nishani ya Pelagia ikarudishwa kabatini.

Mheshimiwa Nguzo alisoma uamuzi huo akiwa ameketi. Alipomaliza, watumishi wake walimjia kumsimamisha. Aliwaashiria wasubiri. Akashika mikono ya kiti, akaegemea mbele kidogo sana, kiasi ambacho ungeweza kukataa kuwa umekiona, kisha akanyanyuka mwenyewe. Karani alikuwa anatazama dirishani.

Siku mbili zilizobaki Pelagia alikaa kwa Simika. Nje, mlangoni, palikuwa na akina mama saba, kisha kumi na tisa, waliokuja na watoto wao kuomba kutazama karatasi. Bi Tuza aliwapanga uani, akawa anawapeperushia yeye, na kidole chake gumba kilikwishapata ustadi kuliko cha Pelagia. Mmoja wao alikuwa ametoka ng'ambo ya mto asubuhi ileile, na mtoto wa miaka mitano mgongoni ambaye hakumwona tangu mwaka uliopita. Alikaa mstari wa mbele.

Simika hakuwa na kazi. Alizunguka nyumbani kwake kama mgeni, akigonga miimo ya milango. Siku ya mwisho, Pelagia akifunga mizigo, alikuja akasimama kando.

"Mwalimu, watoto wana kibali. Mimi sina. Lakini nimekwishafukuzwa, sidhani watanifukuza tena. Mtu mzima anaanzia wapi?"

Pelagia alifikiri. Angeweza kumwambia habari ya mpira. "Anzia kukaa," alisema. "Usijitupe. Geuka, kiguse kiti kwa nyuma ya miguu, kisha mwili uufuate taratibu. Ukikaribia kufika, punguza zaidi."

"Zaidi ya taratibu?"

"Zaidi."

Simika alikwenda kwenye kiti. Mara ya kwanza alianguka kwa kishindo kilekile. Mara ya pili pia, na Bi Tuza, aliyekuwa amesimama mlangoni na karatasi zake, akacheka kwa sauti, kwa mabega, kwa tumbo, mpaka kanga yake ngumu ikavunjika mkunjo. Simika naye akatabasamu. Alisimama, akapumua, akaanza mara ya tatu.

Magoti yalipinda. Alikwenda chini kidogo kidogo, jasho likimtoka, mikono imeelea hewani. Alipita mahali ambapo siku zote hapakuwapo, akapita pengine, akapita pengine tena. Kito alianza kupiga makofi mapema, akaacha, akasubiri.

"Baba Kito," alisema Bi Tuza, "bado hujafika?"

"Bado," alisema Simika, amefumba macho. "Niacheni kwanza."